Kabaka yupo Mengo, watemi wako Bujora: kwa nini?

SWALI: "Shikamoo Mwalimu. Naandika kutoka Igoma, Mwanza. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Juzi tukisubiri kivuko cha Kamanga aliniuliza kwa nini lile jiwe la ziwani linaitwa Bismarck, nikamjibu nilivyoweza. Akaendelea: kwa nini Wazungu waliwamaliza wenyeji wa Marekani na Australia, lakini sisi Wasukuma, Wahaya na Waganda bado tupo na lugha zetu? Babu zetu walikuwa na nguvu kuliko wale, au wakoloni waliokuja huku walikuwa wapole? Na kwa nini Waganda bado wana Kabaka, mfalme wao, wakati watemi wetu tunakwenda kuwaangalia makumbusho ya Bujora? Hapo nimekwama. Naomba msaada."

JIBU: Marahaba, mama. Nisalimie mjukuu wangu, na umwambie maswali yake ni mazuri kuliko mengi yanayotungwa kwenye mitihani.

Tuanze na lile jiwe, maana halina maneno mengi. Otto von Bismarck alikuwa Chansela wa Ujerumani. Ndiye aliyewaita wakubwa wa Ulaya mjini Berlin, kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, wakapatana kanuni za kugawana Afrika bila Mwafrika hata mmoja kuwamo. Mwanza hakuwahi kufika. Jina lililetwa na watu wake na likabaki.

Sasa maswali mengine. Babu zetu hawakuwa na nguvu kuliko wale, na wakoloni wa huku hawakuwa wapole. Tofauti ilitokana na kile mkoloni alichokuja kutafuta, na maradhi yaliyoandamana naye, na zaidi ya yote utaratibu wa maisha alioukuta kwa wenyeji. Hilo la mwisho vitabu vyetu vya shule hulipita mbiombio, kana kwamba mwenyeji alikuwa amesimama tu akisubiri kutawaliwa. Nitakaa nalo zaidi kuliko mengine.

Kwanza arekebishe jambo moja: wale hawakumalizwa. Peru, Bolivia na Ecuador mamilioni ya watu wanaongea Kikechua na Kiaymara hivi leo. Guatemala na kusini mwa Mexico wako Wamaya, mamilioni pia. Paraguay lugha ya Kiguarani huzungumzwa na watu wengi wa nchi ile, hata wasio wa asili hiyo, na katiba ya 1992 iliifanya lugha rasmi pamoja na Kihispania. Katiba ya Bolivia ya 2009 inatambua lugha 36 za wenyeji. Hata Marekani, Kanada na Australia, ambako waliumizwa vibaya mno, wapo, wana viongozi wao, na wanadai ardhi yao mahakamani. Mwaka 1992 Mahakama Kuu ya Australia, katika kesi ya Eddie Mabo wa visiwa vya Torres Strait, ilitupilia mbali ile dhana ya zamani kwamba Waingereza walipofika mwaka 1788 waliikuta ardhi isiyo na mwenyewe. Tunapowaambia watoto wetu kwamba watu hao wamekwisha, tunawazika wangali hai. Naomba hili alishike sana.

Lakini ni kweli walipungua kwa kiasi cha kutisha, na muuaji mkubwa hakuwa bunduki. Ndui, surua na homa nyingine zilikuwa zimezoeana na watu wa Ulaya, Asia na Afrika kwa karne nyingi. Amerika hazikuwa zimewahi kufika. Ndui iliingia Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, mwaka 1520, na mji ukaanguka mikononi mwa Wahispania Agosti 1521. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba katika miaka 150 ya mwanzo wenyeji wa Amerika walipungua kwa watu 9 hivi katika kila 10. Huko Sydney nako ndui ilipita mwaka 1789, mwaka mmoja tu tangu meli za Waingereza zitie nanga.

Huku kwetu, kwa muda mrefu ilikuwa kinyume. Malaria ndiyo iliyokuwa ikiwazika wageni, mpaka kwinini ilipoenea katika karne ya 19. Hata hivyo mjukuu wangu asije akaandika kwamba sisi tulisalimika, kwa sababu pwani ya ziwa letu ina msiba wake ambao hausimuliwi vya kutosha. Sotoka iliingia Afrika kupitia Eritrea mwishoni mwa miaka ya 1880, na kufikia 1891 ilikuwa imeshapita hapa ikifyeka ng'ombe. Mfugaji asiye na ng'ombe hana mahari, hana maziwa, hana akiba ya kubadilisha na nafaka mwaka wa njaa. Funza wa miguuni naye, mdudu wa Amerika ya Kusini, aliteremka na meli kutoka Brazil pwani ya Angola mwaka 1872. Akalivuka bara lote kwa njia za misafara na kufika ziwani miaka ya 1890. Watu hawakujua namna ya kumtoa. Walipoteza vidole, wengine wakashindwa kabisa kwenda shamba.

Kisha yakaja malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Kuanzia mwaka 1900 ugonjwa huo uliwaua watu zaidi ya 200,000 upande wa Uganda, hasa Busoga, pwani ya Buganda na visiwani. Robert Koch, daktari wa Kijerumani aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1905, alipiga kambi visiwa vya Ssese mwaka 1906, akawachoma wagonjwa sindano za atoksili, dawa yenye aseniki ndani yake. Wengine walipata nafuu ya muda. Dozi zilipoongezwa, wako waliopofuka, na upofu ule haukupona. Gavana wa Uganda, Hesketh Bell, akaamuru watu waondolewe kando ya maji. Vijiji vya wavuvi vikafungwa na visiwa vikaachwa vitupu kwa miaka.

Hapa ndipo penye tofauti ya kweli na Amerika. Kule, kijiji kilipobaki kitupu, nyuma yake palikuwa na meli iliyojaa familia kutoka Ulaya zinazotaka shamba. Huku, kijiji kilipobaki kitupu kiliota vichaka na mbung'o wakaingia. Hapakuwa na foleni ya walowezi waliotaka kuishi Ssese au Uzinza. Idadi ya watu iliporudi kupanda kati ya vita vile viwili vya dunia, ardhi ilikuwa bado ipo.

Na hata hilo halikuwa hivyo kila mahali. Avuke mpaka tu aingie Kenya. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, na serikali ya Uingereza, ikitaka reli ijilipe, ikawagawia walowezi nyanda za juu. Shamba la mlowezi halilimwi na mlowezi. Ikawekwa kodi, na kuanzia 1920 kila mwanaume Mwafrika alilazimika kutembea na kipande, yaani kitambulisho cha kazi, shingoni, na vijana wengi wa Nyanza wakaishia kwenye mashamba ya watu, relini na bandarini. Afrika Kusini ilikuwa mbaya zaidi: sheria ya ardhi ya 1913 iliwaachia Waafrika takriban asilimia 7 tu ya nchi. Kwa hiyo siyo Afrika kwa upande mmoja na Amerika kwa upande mwingine. Swali la kuuliza ni kama mkoloni wa mahali fulani alitaka udongo wenyewe au alitaka mikono ya wanaoulima. Usukuma alitaka mikono. Wajerumani waliweka kodi ya nyumba mwaka 1897, na Waingereza baada yao wakasukuma pamba. Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, marobota yakawa na njia ya kutokea. Pamba ile ililimwa kwa jembe la mkono, na familia, kwenye ardhi yake yenyewe. Ndiyo sababu Msukuma alibaki na kijiji chake na lugha yake. Huruma haikuwamo.

Tuje kwa watemi.

Kabla ya Wajerumani, Usukuma haikuwa nchi moja. Ilikuwa na watemi wengi, kila mmoja na eneo lake, na mtemi hakuwa mfalme wa kuamrisha atakavyo. Katika tawala nyingi za Usukuma hakurithiwa na mtoto wake wa kumzaa bali na mpwa, mtoto wa dada yake, na wazee wa baraza, banamhala, walikuwa na sauti katika kumchagua. Alipokea pembe za ndovu na ngozi za simba, alipelekewa nafaka, na ghala lake lilitarajiwa kufunguliwa njaa ikiingia. Mvua ilikuwa juu yake. Ukame ukizidi, aliweza kuondolewa. Kijijini nako vijana walikuwa na kiongozi wao waliyemchagua wenyewe, nsumba ntale, aliyewapanga kulima kwa zamu, na hakuwa mtu wa mtemi. Madaraka yalikuwa yamegawanyika kwa makusudi ili asitokee mmoja wa kuwala wenzake.

Boma la Mwanza halikuweza kufanya kazi na utaratibu wa namna hiyo. Lilihitaji mtu mmoja wa kumwambia: kodi ya eneo lako iko wapi? Wajerumani wakamchukua mtemi. Waingereza wakaliandikia jambo hilo sheria: Gavana Donald Cameron alileta sheria ya mamlaka za wenyeji mwaka 1926, na mtemi akawa na hazina, mahakama, karani na mshahara. Watu husema utawala ule uliheshimu mila. Mimi sikubaliani nao. Mtemi aliyekuwa akiogopa kiangazi na banamhala sasa alimwogopa bwana shauri, ofisa wa serikali ya kikoloni. Aliyekuwa akilishwa na watu wake na kuwalisha sasa alilipwa na serikali. Jina la cheo lilibaki lilelile, lakini ndani yake palikuwa na kazi nyingine. Na taratibu, katika sehemu nyingi, urithi ukatoka kwa mpwa ukaenda kwa mtoto wa kiume, jambo ambalo maofisa wa Kiingereza waliliona la kawaida kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwao.

Jambo hilohilo liliwapata watu wa mbali kabisa na sisi. Wahaudenosaunee, ambao Wazungu waliwaita Wairokwoi, wana shirikisho la mataifa sita kwenye mpaka wa Marekani na Kanada. Kwao ukoo hufuata mama, na wanaochagua machifu, na kuwavua cheo wakikosa, ni akina mama wakuu wa koo. Serikali ya Kanada, kwa sheria yake ya 1876 kuhusu wenyeji, ilitaka mabaraza ya kupigiwa kura na wanaume peke yao. Watu wa Grand River, huko Ontario, walikataa. Mwaka 1924 polisi walilifunga baraza lao la jadi na kuweka lile la kuchaguliwa, na wanawake waliokuwa ndio msingi wa mamlaka hawakuruhusiwa hata kupiga kura, hadi 1951. Msukuma na Mhaudenosaunee hawakuwahi kusikiana. Ila wote wawili mkoloni aliwakuta na utaratibu unaopitia upande wa mwanamke, na wote wawili akawageuzia upande wa baba.

Peru ndiko ninakopenda kuwapeleka wanafunzi wangu. Dola ya Inka ilikuwa na kazi ya zamu iliyoitwa mit'a: jamii ilitoa watu wa kujenga barabara, kulima na kupigana, na dola iliwalisha na kuwanywesha kutoka maghala yake. Wahispania hawakuifuta. Gavana wao mkuu, Francisco de Toledo, katika miaka ya 1570 aliibakiza zamu akaondoa ghala. Mtu mmoja kati ya 7 wa majimbo yaliyotajwa alitakiwa kwenda kila mwaka kuchimba fedha kwenye mlima wa Potosí, mahali palipo zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari. Aliyewajibika kuwapeleka alikuwa kuraka, kiongozi wa jadi. Hesabu isipotimia, alilipa mwenyewe au alifungwa. Ukiyasoma malalamiko ya akina kuraka utadhani unamsikia mtemi wa Usukuma wa mwaka 1950, amebanwa kati ya watu wake na serikali, huku kila upande ukimwona msaliti.

Kuraka mmoja, José Gabriel Condorcanqui aliyejiita Túpac Amaru wa Pili, alichoka. Mwaka 1780 aliongoza uasi mkubwa akiwa na mkewe Micaela Bastidas, ambaye alikuwa kamanda hasa, si mke wa kumfuata mume. Waliuawa hadharani Cuzco Mei 1781, na baada yao Wahispania wakapiga marufuku mavazi ya Kiinka na michezo ya kuigiza ya kumbukumbu za wafalme, na wakaanza kukiondoa cheo cha kuraka cha kurithi. Lakini jina la Túpac Amaru likabaki midomoni mwa watu mpaka leo. Alikuwa kiongozi wa jadi aliyeadhibiwa na mkoloni mbele ya watu wake. Hilo lina uzito mkubwa katika swali lenu la Kabaka.

Buganda ilikuwa na mfalme mmoja, jeshi, kundi kubwa la mitumbwi ya vita na machifu wa ngazi zinazoeleweka. Kabaka Mwanga alipopinduliwa mwaka 1888 alikimbilia huku kwetu, Magu, kisha Bukumbi kwa wamisionari. Alirudishwa kwenye kiti, akaasi dhidi ya Waingereza mwaka 1897, akashindwa, akahamishiwa visiwa vya Shelisheli pamoja na Kabalega, Omukama (mfalme) wa Bunyoro. Waingereza wakamweka mwanawe, Daudi Chwa, mtoto mchanga. Walioongea kwa niaba yake ni machifu wakubwa wakiongozwa na Apolo Kaggwa, na mkataba walioutia saini na Harry Johnston, mjumbe wa Uingereza, mwaka 1900 uliwafaa wao: machifu na watu mashuhuri wapatao 1,000 waligawiwa ardhi ya kumiliki, iliyopimwa kwa maili za mraba, ndiyo hiyo inayoitwa mailo mpaka leo. Waliopoteza ni wakuu wa koo, waliokuwa wakishikilia ardhi yenye makaburi ya mababu, na mkulima wa kawaida, aliyeamka akiwa mpangaji.

Waingereza walikuwa wameshafanya hivyo Bengal, huko India, mwaka 1793. Gavana wao mkuu, Cornwallis, aliwachukua zamindari, waliokuwa wakusanyaji wa kodi ya ardhi, akawafanya wenye ardhi. Matatizo ya ardhi ya Bengal na ya Buganda yanafanana kwa sababu yalitoka kiwanda kimoja. Na nchi ya Uhaya ilikuwa na nyarubanja yake, ambako wakubwa waligawiwa mashamba yenye watu ndani, na Wajerumani na Waingereza wakaukaza mpango huo. Ulifutwa baada ya uhuru, katika miaka ya 1960. Usukuma haikugawiwa hivyo, na kwa hilo namshukuru Mungu kila nikisikia kesi za mailo Uganda.

Lakini mkataba ule ule uliihifadhi Buganda kama ufalme wenye bunge lake, Lukiiko, na hadhi yake. Halafu Novemba 1953, Kabaka Mutesa wa Pili alipogombana na Gavana Andrew Cohen kuhusu mustakabali wa Buganda, Cohen alimpandisha ndege akampeleka uhamishoni London. Waganda walilia. Wanaume waliacha kunyoa ndevu. Waliokuwa wakimnung'unikia Kabaka walisahau manung'uniko yao. Aliporudi Oktoba 1955 alipokewa kama mtu aliyefufuka. Tangu hapo, hata Milton Obote, kiongozi wa Uganda huru, alipoivamia ikulu yake mwaka 1966 na kufuta falme mwaka 1967, ufalme haukutoka mioyoni, na serikali ya Uganda ilipouruhusu tena mwaka 1993 watu walikuwa wakiungoja.

Linganisha na Usukuma ya miaka hiyohiyo. Mwaka 1946 Waingereza waliwaunganisha watemi, wapatao 50, katika shirikisho moja lenye makao Malya. Mwaka uliofuata wakaanzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma. Bwana shamba alikuwa na sababu zake, maana udongo ulikuwa ukichoka kweli na ng'ombe walikuwa wengi. Lakini njia ilikuwa amri. Lima matuta hivi, panda ekari kadhaa za muhogo, punguza mifugo, usihame bila kibali. Na amri hizo zilipitishwa kwa jina la watemi na kutekelezwa na mahakama za watemi. Mzee aliyetozwa faini ya kutopunguza ng'ombe hakutozwa na Mwingereza. Alitozwa na mtemi wake, kwa jina la mila yake.

Watu wakatafuta pa kusemea kwingine, na ninachokiheshimu ni kwamba walikwenda kwenye kitu walichokijua: kujipanga wenyewe kijijini, kama vijana wa nsumba ntale walivyojipanga kulima. Wakulima wa pamba, waliochoka na mizani ya wafanyabiashara, waliunda vyama vya msingi, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaunda shirikisho la ushirika la Victoria chini ya Paul Bomani, likawa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani. TANU ilikuwa imezuiwa kufanya kazi Jimbo la Ziwa kuanzia 1954, kwa hiyo ushirika ukawa ndio siasa. Mwaka 1958 Geita ilichemka, watu wakaandamana kwa maelfu, na serikali ikaziacha zile sheria za kulazimisha.

Kwa hiyo serikali huru ilipofuta vyeo vya machifu mwaka 1963, chini ya Mwalimu Nyerere ambaye mwenyewe ni mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, Usukuma hapakuwa na kilio kama cha Buganda. Wengi wanasema Nyerere aliua utemi. Mimi nasema alitia saini cheti cha kifo cha kitu kilichokwisha kuuawa na mshahara wa 1926 na faini za miaka ya 1950. Kwa Mganda, Kabaka alionekana akipigwa na Mwingereza. Kwa Msukuma, mtemi alionekana akimshikia Mwingereza kiboko. Najua kuna wajukuu wa watemi watakaosoma hapa na kuumia. Babu zenu wengi walifanya walichoweza katika nafasi isiyowezekana, na wako waliowakinga watu wao kimyakimya.

Na taratibu zenyewe hazikufa. Wizi wa ng'ombe ulipozidi mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wa Kahama na Shinyanga waliunda Sungusungu, na kiongozi wao wakamwita mtemi. Hawakufundishwa na mtu. Sungusungu nayo ilikuwa na ukatili wake, hasa kwa vikongwe waliosingiziwa uchawi, na hilo halipaswi kufichwa. Mwaka 1989 serikali iliitambua kisheria.

Kuna mpaka pia, na mtoto wa Mwanza anapaswa kuufahamu. Waingereza na Wajerumani, kwa makubaliano yao ya 1886 na 1890, walilikata ziwa kwenye nyuzi 1 kusini mwa Ikweta. Hawakufuata mto wala ukoo. Wakuria wakabaki nusu Tarime nusu Kenya, na Wajaluo vivyo hivyo. Magharibi ya ziwa mstari ulipita kaskazini ya mto Kagera, ukaiacha ng'ambo ile ya mto upande wetu. Oktoba 1978 Idi Amin aliivamia sehemu hiyohiyo akidai mpaka uwe mtoni. Wazee wa Kyaka na Mutukula wanaweza kumsimulia mstari ule wa Ulaya ulimaanisha nini.

Sasa kuhusu lugha na mila kubaki, mpeleke makumbusho ya Bujora, pale Kisesa, siyo mbali na nyumbani kwenu. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianza miaka ya 1950 kukusanya ngoma na vifaa vya watemi, akajenga kanisa la mviringo mithili ya nyumba ya Kisukuma. Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo ikaungana na mashindano ya ngoma ya Bulabo, makundi mawili ya wachezaji yakishindana, Bagika upande huu na Bagalu upande ule. Miaka ileile, huko huko Kanada alikotoka, watoto wa wenyeji wapatao 150,000 kwa jumla walipitishwa katika shule za bweni zilizoendeshwa na makanisa kwa ajili ya serikali, ambako wengi walipigwa kwa kuongea lugha ya mama zao. Ya mwisho ilifungwa miaka ya 1990, na serikali ya Kanada iliomba radhi mwaka 2008. Dini ilikuwa moja, enzi moja. Kanada ilitaka ardhi ya wale watoto na ilitaka wasahau kwamba ni yao. Usukuma hapakuwa na mlowezi wa kunufaika Msukuma akisahau Kisukuma. Simpunguzii Padri Clement sifa yake, alistahili. Nataka tu mjukuu wangu aone kwamba wema wa mtu mmoja ulipata nafasi ya kufanya kazi kwa sababu hapakuwa na mtu anayeitaka ardhi.

Na wale wenyeji wa Amerika anaodhani wamekwisha wanamlisha kila siku. Mahindi yaliendelezwa kutoka nyasi ya porini na wakulima wa Mexico, miaka kama 9,000 iliyopita. Muhogo ni wa Amazon, na viazi vitamu ni vya Amerika. Wamazon waligundua namna ya kuutoa muhogo mchungu sumu yake kwa kuukuna na kuukamua. Sisi tunauvundika, tunauanika, tunautwanga kuwa udaga. Kule Andes viazi vyao mviringo huachwa nje vigande usiku wa baridi, vikanyagwe, vikaushwe, viitwe chuño, vikae miaka. Bibi zetu walikata viazi vitamu vibichi vipande vyembamba wakavianika juu ya miamba hii hii ya Mwanza vikawa michembe, au wakavichemsha kwanza vikawa matobolwa. Zao lilitoka kwao, akili ya kulihifadhi kwa hali ya hewa yetu ni ya hawa bibi, na hakuna bwana shamba aliyewafundisha.

Mwisho, kwa kuwa yuko kidato cha tatu: akiulizwa kuhusu utawala wa kupitia viongozi wa wenyeji, asiishie kutaja Lugard na Nigeria kama kila mtu. Aandike Usukuma. Ataje mpwa na banamhala, sheria ya 1926, Malya 1946, Geita 1958 na 1963, kisha aweke Buganda ya 1900 na 1953 pembeni yake aeleze tofauti. Akitaka kulinganisha na nje, atumie Potosí au Grand River, moja inatosha. Na anapokwenda Bujora, aombe kuonyeshwa ngoma za watemi, amuulize mwenyeji wake kila ngoma ilipigwa wakati gani na nani aliruhusiwa kuipiga, aandike majibu yote kwenye daftari. Akiniletea nitayasoma.